Sinia Lililopungua Kitoweo

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mashuhuri mzaliwa wa Tangier, aliteremka bandarini Mogadishu, akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi wa elimu, na maakuli aliyoletewa humo kutoka kwa mtawala wa mji yakamkaa moyoni kiasi cha kuyataja moja baada ya moja miaka mingi baadaye, alipokuwa akiandikisha habari za safari zake. Palikuwa na wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kubwa la mti. Juu ya wali vitoweo vya kuku, na nyama, na samaki, na mboga. Kando yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na katika vyombo vingine maziwa ya mgando, achari ya ndimu, achari ya pilipili iliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Kisha, kwa ulimi wa mgeni aliyekwisha kushiba na kupata wasaa wa kuwatazama wenyeji wake, akaongeza kuwa mtu mmoja wa mji ule hula kadiri ya jamaa nzima ya wageni, na kwamba ni watu wanene mno wa miili.

Wanahistoria hukipenda kisa hiki kwa sababu zao. Mimi nakipenda kwa sababu mbili za jikoni. Ya kwanza ni kwamba bwana afya au afisa lishe wa leo akikisoma atakuta humo karibu kila kitu anachowahubiria watu kutwa kucha. Mwongozo wa taifa wa ulaji uliotolewa Tanzania mwaka 2023 wavigawa vyakula katika makundi 6: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, vyakula vya asili ya wanyama, jamii ya mikunde, karanga na mbegu za mafuta, mboga, matunda, na mafuta yaifaayo siha. Katika hayo yote, chano la Mogadishu lilikosa mikunde tu, na hata hiyo yamkini ilikuwamo jikoni, maana ni nani kwetu ampakuliaye kunde mgeni wa heshima? Sababu ya pili ni ule unene, ambao watufundisha kwamba chakula chaweza kutimia kwa aina zake kikaruka mpaka kwa wingi wake, na aliyekamilisha hesabu ya kwanza asidhani kuwa amesamehewa ya pili.

Nalisema neno langu mapema ili tusipotezane njiani: watu wa pwani na wa bara yake hawakukosa elimu ya aina za vyakula. Bibi zetu, ambao wengi wao hawakuona ubao wa darasa, walijua kwamba wali bila ya kitoweo ni mlo pungufu, na kwamba ugali mkavu ni wa mwenye dhiki. Kilichopotea ni kipimo. Wali umezidi chanoni hata umefunika chano. Kitoweo kimekonda hata kimesalia rangi ya mchuzi. Mboga zimesukumwa ukingoni. Tunda limekuwa kitu cha mgonjwa na cha mgeni. Na kile kitoweo kidogo kilichobaki aghalabu hakiwafikii wale ambao miili yao yakihitaji kuliko miili ya wengine wote.

Ushahidi wa jambo hili haupatikani katika nyumba za mafukara peke yao, wala katika nchi za ukame. Utafiti wa taifa wa afya ya jamii uliofanywa Tanzania mwaka 2022, ulipopima kimo cha watoto walio chini ya miaka 5, ulikuta kuwa 30 katika kila 100 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyotaka. Na hiyo ni nafuu, kwani mwaka 2010 walikuwa 42. Mtu angetazamia kuwa mikoa iliyotangulia kwa udumavu ni ile isiyopata mvua. Sivyo. Iliyotangulia ni Iringa, kwa asilimia 56.9, ikifuatwa na Njombe kwa asilimia 50.4, na Rukwa kwa asilimia 49.8: mikoa mitatu yenye mvua na rutuba, ambayo mahindi yake hupakiwa malorini kwenda kulisha miji, na mengine huvuka mipaka. Ghala imejaa, na mtoto wa mwenye ghala hakui.

Sababu zake ni nyingi, na si insafu kuitwika moja mzigo wa zote. Yapo maji machafu na kuhara kusikokoma. Yapo mashamba ya mbali yamtengayo mama na mwanawe mchanga tangu alfajiri hata magharibi. Zipo mimba za wasichana ambao wenyewe hawajamaliza kukua. Lakini sababu mojawapo imo chunguni, na kila apitaye vijijini huiona kwa macho: mahindi asubuhi kwa sura ya uji, mahindi mchana kwa sura ya ugali, na mahindi tena usiku, ilhali mayai, maziwa na maharage ya nyumba ile ile yamefungwa kwenda sokoni pamoja na magunia. Fedha inayorudi hurudi na mambo mengine ya lazima, karo na mbolea na mabati, na mara chache hurudi na samaki.

Mahindi si chakula kibaya. Si ya asili yetu, kwani yalitoka Amerika pamoja na muhogo, karanga, papai, nanasi na viazi vitamu, yakatufikia baada ya Wareno kufungua njia za bahari. Walakini yamekaa nasi karne kadhaa, na mgeni wa karne kadhaa si mgeni tena. Nakisi yake ni kwamba protini iliyomo haikutimia: ina uchache wa lisini na triptofani, ambazo ni miongoni mwa asidi za amino ambazo mwili wa mwanadamu hauwezi kujitengenezea, na hapana budi uzipate chakulani. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina lisini kwa wingi. Basi yeye aliyekuwa wa kwanza kuchanganya mahindi na maharage katika chungu kimoja akapika makande, na yule wa Mombasa aliyeamua kuwa mahamri ya asubuhi yaliwe kwa mbaazi za nazi, na maelfu ya akina mama waliopakua wali kwa maharage bila ya kuulizwa sababu, wote walifanya kwa mkono jambo ambalo maabara ilikuja kulieleza baadaye sana. La kusikitisha ni kwamba vyakula hivi, kwa kuwa ni rahisi, vimepewa daraja ya chini. Makande ni ya bweni, kunde ni za mwisho wa mwezi, na mwenye kupata mshahara huona fahari kuonekana ananunua nyama, hata ikiwa ni finyango mbili za kugawana watu saba.

Dharau hiyo ina ndugu yake, nayo ni kuabudu weupe. Tajiri na maskini wamekubaliana kuwa unga mzuri ni sembe nyeupe pe, na mchele mzuri ni ule uliosuguliwa ukang'aa, ilhali weupe huo hupatikana kwa kuondoa ganda na kiini, na humo ndimo zikaamo sehemu kubwa ya vitamini za jamii ya B, madini, mafuta na nyuzinyuzi za nafaka. Madhara ya jambo hili yalikwisha kubainishwa zamani, na waliobainisha walikuwa kuku. Mwishoni mwa karne ya 19 tabibu wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia katika kisiwa cha Java, mji uitwao leo Jakarta, akitafuta kijidudu kinacholeta beriberi, maradhi yaliyokuwa yakilegeza miguu ya askari na wafungwa hata wakashindwa kusimama, na wengine moyo ukasita wakafa. Kijidudu hakukiona. Badala yake kuku wake wa majaribio walianza kuyumba na kulegea miguu kama wagonjwa wenyewe. Kisha, bila ya dawa, wakapona. Alipopeleleza alipata habari kwamba kwa muda ule mlishaji alikuwa akiwapa makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya akakataa katakata wali wa askari kupewa kuku wa raia, na kuku wakarudishiwa mchele wao usiokobolewa vizuri. Kiburi cha mpishi yule kiliifaa dunia kuliko ukarimu wa aliyemtangulia. Daktari mwenziwe, Adolphe Vorderman, akakagua jela zaidi ya 100 za Java, akakuta kuwa palipoliwa mchele mweupe mfungwa mmoja katika 39 aliugua beriberi, na palipoliwa mchele wenye ganda lake aliugua mmoja katika zaidi ya 10,000. Kilichokosekana ni kile tukiitacho leo vitamini B1, na Eijkman akatunukiwa Nobeli mwaka 1929.

Hapa yanipasa kutahadharisha, maana wako watu ambao wakisikia sifa za dona huinunua popote wapatapo. Unga usiokobolewa hubeba ganda lenye faida, na hubeba pia kilicho juu ya ganda. Na mahindi yaliyovunwa yakaanikwa kwenye ardhi tupu, au yakawekwa yangali na unyevu, hushikwa na kuvu litoalo sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo dona ni chakula bora kwa sharti la nafaka kavu, safi, iliyochambuliwa. Na mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa dona, wala kwa sembe, wala kwa mifugo.

Tuje kwenye matunda. Pwani yetu ilikuwa maarufu kwa tiba yake miaka mia kadhaa kabla ya sababu ya tiba hiyo kujulikana. Vasco da Gama alipoizunguka Afrika, mabaharia wake walikwisha kuvimba miguu na mikono, na fizi zikafura hata zikafunika meno wasiweze kula. Walipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1498 mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, na machungwa, na malimau, na miwa, na mwandishi aliyekuwamo safarini ashuhudia kuwa wagonjwa walipata afya, ila yeye aliishukuru hewa ya mji. Hewa ya Mombasa ni njema, hilo halikanushwi. Lakini mwenye kustahiki shukrani alikuwa ndani ya kikapu. Mwaka uliofuata funzo lilirudiwa kwa ukali zaidi. Wakirejea kutoka Bara Hindi kinyume cha msimu wa pepo, walikaa baharini kwa muda wa miezi 3 kasoro siku 3, bila ya tunda wala jani bichi. Watu 30 wakafa njiani, na katika kila chombo wakasalia mabaharia 7 au 8 tu walioweza kufanya kazi. Walipotia nanga Malindi mwezi wa Januari 1499 jambo la kwanza aliloagiza nahodha kutoka pwani ni machungwa, kwa kuwa ndiyo wagonjwa waliyokuwa wakiyatamani. Yakaletwa, lakini kwa wengi yalikuwa yamechelewa, na wakazikwa hapo. Waliosalia hawakutosha kuendesha vyombo vitatu, ikabidi kimoja kichomwe moto huko Mtangata, katika pwani ya Tanga.

Ilipita miaka karibu 250 kabla ya tabibu wa Kiskoti, James Lind, kufanya mtihani wa haki mwaka 1747, alipowagawa mabaharia 12 wenye maradhi yale yale wawili wawili, akawapa hawa siki na hawa maji ya bahari na wengine vitu vinginevyo, na waliopona upesi wakawa wale wawili waliokula machungwa na limau. Na hata baada ya hapo serikali ya Uingereza ilikaa hadi mwaka 1795 ndipo ikaamrisha maji ya malimau yagawiwe manowarini. Mtu asishangae, basi, kuona wizara za leo zikikawia.

Ajabu ni kuwa sisi tuliowapa wengine machungwa hatuyali. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima apate gramu 400 za mboga na matunda kila siku, mizizi yenye wanga isihesabiwe humo. Nayo si kadiri kubwa, ni kama fungu jema la mchicha, chungwa moja, na kipande cha papai. Ukiingia soko lolote kati ya Lamu na Mtwara utaviona vitu hivi vimelundikwa, na katika msimu wa maembe utaviona vikioza. Upo pia ubuyu, ambao unga wake mweupe una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa kwa uzito ule ule. Nasi tumeuchukua tukauchemshia sukari, tukautia rangi nyekundu na iliki, tukaugeuza peremende. Mwenye kutaka faida yake na autafute mkavu, uliobanduliwa kutoka kwenye kibuyu, auloweke maji anywe.

Mboga za majani zina elimu yake, na hapa tena mapishi ya kale yana hoja. Mchicha, kisamvu, matembele na majani ya kunde vina rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini rangi hiyo haichukuliki tumboni vizuri pasipo mafuta kidogo. Tui lililotiwa katika kisamvu, au karanga zilizopondwa katika mchicha, hufanya kazi hiyo, mradi lisitiwe tui zito la nazi tatu katika sufuria ya watu wanne. Madini ya chuma yaliyomo katika majani na mikunde ni mazito kufyonzwa, na ndimu huyarahisisha. Kwa hiyo yule mpwani asiyeweza kula bila ya ndimu na kachumbari anajinufaisha kuliko anavyojua. Kinyume chake ni chai. Chai ya rangi ikinywewa juu ya chakula huuzuia mwili kuchukua madini hayo, na katika nchi ambayo utafiti wa 2022 ulikuta wanawake 42 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, ada ya kushushia chakula kwa kikombe cha chai si jambo dogo. Inywewe, lakini baada ya saa moja au zaidi.

Na madhali chai imetajwa, itajwe na sukari. Vijiko vitatu katika kikombe, vikombe vitatu kwa siku, vyakaribia gramu 40. Soda moja ya chupa yaongeza karibu gramu 35. Na Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asivuke takriban gramu 50 kwa siku za sukari ya kuongezwa, na akiweza aishie 25. Mtu huyu hajala kaimati, wala hajaonja halua, na deni lake limekwisha kuwa kubwa.

Mwezi mtukufu wa Ramadhani ndio utudhihirishiao makosa yetu yote kwa pamoja, na nalisema kwa taadhima ya mwezi wenyewe. Itazame meza ya futari katika nyumba yenye uwezo: muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui, tambi za sukari, mkate wa kumimina, vitumbua, kaimati, sambusa, na uji wa kunywa. Mwenye nyumba huona fahari kwamba ameandaa vyakula kumi. Akihesabu kwa makundi atakuta kwamba tisa kati ya hivyo ni kundi moja lililobadilishwa nguo, wanga juu ya wanga, na sukari juu ya wanga, na vingi vimepita katika karai la mafuta. Tende, ambayo ni ya kufungulia, imekuwa kitangulizi kinachosahaulika. Samaki na mboga hungoja daku, na ifikapo daku watu wamekinai. Mafunzo ya Mtume kuwa mwanadamu aligawe tumbo lake mafungu matatu, moja la chakula, moja la maji, na moja la pumzi, yanajulikana na kila aliyepita chuoni, na yanasahauliwa na wengi wetu kwa dakika arubaini kila jioni kwa siku thelathini.

Mjini, mwaka mzima, mahali pa futari hiyo pameshikwa na chipsi mayai. Sina uadui na chipsi mayai. Yai ni chakula bora, na kiazi hakina dhambi. Uadui wangu ni kwa mafuta yaliyotumika asubuhi, na jana, na juzi, hata yakawa meusi. Na kwa kachumbari ile ya vijiko viwili ambayo mlaji huihesabu kuwa ndiyo mboga zake za siku. Uchunguzi uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2012 kwa watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta 26 katika kila 100 wana uzito uliozidi, na karibu 9 katika 100 wana kisukari. Wazee wetu walikula wali na nazi, wengine kwa wingi uliomshangaza Ibn Battuta, lakini waliuendea mchele kwa miguu, wakautwanga kwa mikono, wakauvulia kitoweo kwa kafi na nyavu. Sisi twaletewa na bodaboda mpaka mlangoni. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, ambazo ndizo matabibu wanazozitaka kwa uchache, ni kwenda sokoni na kurudi kwa miguu, kama soko liko nusu saa kwa safari nzima, siku tano katika saba. Hapana haja ya kununua viatu maalumu.

Nimebakisha jambo ambalo mimi naliona ni zito kuliko yote, nalo ni ugawaji. Twaweza kukamilisha makundi 6 sokoni, tukayakamilisha jikoni, na yasikamilike katika sahani ya mtoto. Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki desturi ni kwamba mnofu ni wa baba, na mgeni, na mwana mkubwa wa kiume. Mama hula mwisho, akikwangua sufuria. Na mtoto mdogo hupewa ugali uliochovywa mchuzi, kwa hoja kwamba hana meno, au kwamba atazoea tamaa. Juu ya desturi hiyo ikajengwa miiko. Katika Buganda ya zamani mwanamke alikatazwa kuku na mayai. Na kwetu zingaliko sehemu ambako mjamzito huambiwa asile mayai, asije akazaa mtoto asiye na nywele. Aliyeibuni miiko hii hakujulikana, lakini mwenye kuila ile nyama iliyokatazwa wengine anajulikana sana. Matokeo yake ni kwamba nyumba moja yaweza kuwa na baba mwenye kitambi na kisukari, mama mwenye upungufu wa damu, na mtoto aliyedumaa, wote wakiwa wamekula kutoka chungu kimoja.

Serikali ya Tanzania ilikwisha kujaribu kuzungumza na watu juu ya mambo haya kwa njia ambayo sijaona iliyo bora zaidi. Mwaka 1973, mwaka ule ule ilipoundwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na mwaka 1975 ikafuatiwa na nyingine iliyoitwa Chakula ni Uhai. Mwaka 1983 ukaanza mpango mwingine huko Iringa, katika vijiji 168, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF: watoto walipimwa uzito hadharani kijijini, wazazi wakaulizwa kwa nini huyu amepungua na yule ameongezeka, na kijiji chenyewe kikaamua la kufanya. Utapiamlo mkali ulishuka, na mpango huo ukaigwa mikoa mingine na nje ya nchi. Msomaji atauliza imekuwaje basi Iringa hiyo hiyo itangulie kwa udumavu miaka karibu 40 baadaye. Sehemu ya jibu ni kwamba mtoto aliyekonda hulia na huonekana, naye mzani humfichua. Aliyedumaa anacheza, anacheka, na mashavu yake yamejaa wanga, hivyo mama humwona mzima na jirani humwona ni wa ukoo wa wafupi. Hasara yake hudhihirika baadaye, darasani na kazini, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutendeka kabla hajatimiza miaka 2, nyingine akiwa bado tumboni.

Kwa hiyo maombi yangu siyaelekezi kwa mnunuzi wa chakula, nayaelekeza kwa mpakuaji, na kwa yule mkuu wa nyumba ambaye mpakuaji humtazama usoni kabla ya kupakua. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Tangu hapo aendelee kunyonya na alishwe mara kadhaa kwa siku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo, na uji wake utiwe yai, au dagaa waliosagwa, au karanga safi zisizo na ukungu. Na mjamzito apewe samaki wake na mboga zake kabla ya baba kuongezewa kipande cha pili.